Kulisha mizabibu na miti mingine ya matunda: mwongozo kamili wa virutubisho na mbolea kwa mimea ya kudumu

Mahindi yakikosa mbolea mwaka huu, mwakani unapanda upya na kusahau. Mzabibu hausahau. Majani ya kwanza yanayofunguka baada ya kupogoa yamejengwa kwa wanga na naitrojeni iliyowekwa akiba kwenye mizizi na shina tangu msimu uliopita, na akiba hiyo ndiyo inayoubeba mmea hadi karibu na kuchanua. Wakati huohuo wa kuchanua, ndani ya macho yaliyo kwenye machipukizi yaleyale, mashada ya msimu ujao yanaanza kuumbwa. Kila mfuko wa mbolea unaoweka leo unagusa mavuno mawili: yanayoning'inia sasa na yale ambayo bado hayaonekani.

Hili likieleweka, makosa mengi ya mbolea kwenye mizabibu, mikahawa, michungwa, miparachichi na mitufaha yanaepukika. Na makosa hayo, kwa maoni yangu, zaidi ni ya kuzidisha na ya kukosea wakati kuliko ya kunyima. Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao mkulima anaweza kuutekeleza: pima, hesabu, kisha ndipo ununue.

Mmea unakula nini, na unakula lini

Mimea inahitaji elementi 17. Kaboni, hidrojeni na oksijeni hutoka hewani na kwenye maji. 14 zilizobaki hutoka udongoni. Sita huhitajika kwa wingi: naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalsiamu, magnesiamu na salfa. Nane huhitajika kidogo sana, lakini pasipo hizo mmea haukamiliki: chuma, manganizi, zinki, shaba, boroni, molibdeni, klorini na nikeli. Kanuni kwamba mavuno hubanwa na kirutubisho kilichopungua kuliko vyote ilielezwa na Carl Sprengel mwaka 1828, na Justus von Liebig akaieneza kuanzia 1840. Haijachakaa. Shamba likipungukiwa zinki, kuliongezea naitrojeni huzidisha tatizo, kwa sababu machipukizi yanakua haraka na zinki ile kidogo inagawanywa kwenye majani mengi zaidi.

Mizizi ya mzabibu haifyonzi kwa kasi ileile mwaka mzima. Macho yanapochipua inafyonza kidogo mno. Kasi hupanda machipukizi yanapokuwa na majani matano au sita, huwa kubwa kuanzia kuchanua hadi zabibu zinapoanza kulainika na kubadilika rangi, kisha hupungua kwa sababu nguvu zote zinakwenda kwenye sukari ya matunda. Baada ya kuvuna, iwapo majani bado ni mabichi na udongo una unyevu, mizizi huamka tena na kujaza akiba. Ndiyo maana naitrojeni inayomwagwa kabla ya machipukizi kutokeza, hasa kwenye udongo wa kichanga, husombwa na maji kwenda chini kabla ya mizizi kuigusa.

Palipo na baridi kali, vipindi hivi hufuata misimu ya mwaka. Penye joto la kudumu, ambako mzabibu huweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, kalenda yake huanzia siku ya kupogoa. Kwa hiyo katika mwongozo huu sitaji miezi. Nataja hatua za ukuaji.

Hatua ya kwanza: udongo kabla ya kupanda

Nafasi hii huja mara moja. Mzabibu au mchungwa ukishasimama, huwezi tena kulima kwa kina bila kukata mizizi, na kuna vitu vitatu ambavyo havishuki chini vyenyewe: chokaa, fosforasi, na kwenye udongo wa mfinyanzi, potasiamu. Ukivimwaga juu ya ardhi, vitabaki kwenye sentimita chache za juu kwa miaka.

Chukua sampuli kwenye vituo 15 hadi 20 ukitembea kwa mchoro wa nyoka, na ugawe shamba kulingana na aina ya udongo. Kilima na bonde visichanganywe. Kila kituo kitoe sampuli mbili: ya sentimita 0 hadi 30, na ya 30 hadi 60. Wengi huishia ya juu peke yake, ilhali mizizi ya mzabibu huishi zaidi ya hapo. Tumia ndoo ya plastiki, maana ndoo ya bati lililopakwa zinki itaharibu kipimo cha zinki. Changanya vizuri, kausha kivulini, peleka kama nusu kilo kwa kila kina. Omba kipimo cha pH (kiwango cha tindikali: namba ikishuka, tindikali imezidi), chumvi, mboji, fosforasi, potasiamu, kalsiamu, magnesiamu, zinki na boroni.

Mizabibu hustawi pH ikiwa kati ya 5.5 na 7. Chini ya 5.5 aluminiamu huyeyuka na kuvimbisha ncha za mizizi, zikabaki fupi na nene, zisizoweza kutafuta maji wala fosforasi. Hapo weka chokaa kwa kiwango kitakachotolewa na maabara, uichanganye na udongo miezi kadhaa kabla ya kupanda. Kama magnesiamu nayo ni kidogo, tumia chokaa ya dolomaiti, ambayo inabeba kalsiamu na magnesiamu kwa pamoja. Usiichanganye siku moja na samadi au mbolea ya amonia, kwa sababu naitrojeni itageuka gesi na kupotea.

Udongo wenye chokaa nyingi na pH ya juu ni kesi tofauti, na mbolea si suluhisho lake la kwanza. Chuma kipo humo tele, ila hakiyeyuki. Jibu la kudumu ni shina la chini, yaani lile lenye mizizi ambalo aina yako ya zabibu huungwa juu yake. Kati ya mashina hayo, 41B, Fercal na 140 Ruggeri hustahimili chokaa, wakati Riparia Gloire huanza kuwa njano mapema. Kuchagua shina baya kisha kununua cheleti za chuma (chuma kilichofungwa kwa kemikali ili kibaki kimeyeyuka) kila msimu ni mzigo ambao mkulima atabeba maisha yote ya shamba.

Kwenye shamba la mizabibu la zamani, ulizia pia shaba. Mchanganyiko wa shaba na chokaa ambao Pierre-Marie-Alexis Millardet aliutangaza Ufaransa mwaka 1885 dhidi ya ukungu umepulizwa mashambani tangu wakati huo, na shaba haiozi wala haisombwi. Hujikusanya kwenye tabaka la juu. Mizabibu mikubwa haioni shida kwa kuwa mizizi yake iko chini, lakini miche mipya kwenye udongo wa kichanga wenye tindikali hudumaa. Kupandisha pH na kuongeza mboji hupunguza sumu hiyo.

Siku ya kupanda, usiweke mbolea kali ya chumvichumvi ndani ya shimo. Mche usio na majani hauwezi kuitumia, na chumvi yake huchoma mizizi michanga. Subiri machipukizi yafikie urefu wa kiganja, ndipo uanze na dozi ndogondogo. Kwa mwaka mzima wa kwanza, gramu 10 hadi 20 za naitrojeni halisi kwa mche, zikigawanywa mara tatu au nne, zinatosha kwenye udongo wa kawaida.

Hatua ya pili: hesabu kinachoondoka

Shamba linalozaa linapoteza virutubisho kupitia lori la mavuno. Majani yaliyopukutika na fito zilizopogolewa, ukizikatakata na kuziacha shambani, hurudi udongoni. Kwa wastani, tani moja ya zabibu mbichi huondoka na kilo 1.5 hadi 2 za naitrojeni, kama kilo 0.3 ya fosforasi, na kilo 2.5 hadi 3 za potasiamu.

Namba hizi zinafaa kusomwa mara mbili. Hekta inayotoa tani 10 inapoteza kilo 15 hadi 20 tu za naitrojeni. Ni kidogo kuliko vile wakulima wengi wanavyodhani, na mzabibu kwa asili si mlafi. Linganisha na mlozi, ambao tani moja ya kokwa zake, pamoja na maganda, huchukua takriban kilo 68 za naitrojeni. Au chai, ambapo zao lenyewe ni jani changa lenye naitrojeni ya asilimia 4 hadi 5 ya uzito mkavu. Anayehamisha mpango wa mbolea kutoka shamba la chai hadi shamba la mizabibu atavuna majani na ukungu.

Fosforasi ndiyo inayonunuliwa bure kuliko zote. Mizizi ya mzabibu hushirikiana na kuvu wa udongoni wanaoitwa maikoriza, ambao nyuzi zao hufika pale mzizi usipofika na kuleta fosforasi. Kwa sababu hiyo upungufu wake kwenye mizabibu mikubwa ni nadra nje ya udongo wenye tindikali kali. Potasiamu ndiyo ya kuangaliwa kwa jicho kali, hasa shamba linapobeba mzigo mkubwa.

Hatua ya tatu: uulize mmea wenyewe

Kipimo cha udongo kinakuambia kilichomo ghalani. Kipimo cha jani kinakuambia kilichofika mezani. Kwa shamba lililokwisha kusimama, mimi huamini zaidi cha pili.

Kwenye mzabibu, sehemu inayopimwa sana ni kikonyo cha jani, yaani kile kijiti kinachounganisha jani na tawi. Mimea ikiwa katikati ya kuchanua, chuma jani lililo mkabala na shada la kwanza kutoka chini, ng'oa jani papo hapo na ubaki na kikonyo. Kusanya vikonyo 60 hadi 100, kimoja au viwili kwa mzabibu, kutoka kwenye mistari mbalimbali ya aina moja. Weka kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa nailoni utaviozesha. Kama umepulizia dawa yenye zinki, manganizi au shaba karibuni, iambie maabara, maana namba za vitu hivyo zitakuwa za dawa na si za mmea.

Matokeo ya wakati wa kuchanua yasome kwa mizani hii: naitrojeni asilimia 0.8 hadi 1.1, fosforasi 0.25 hadi 0.5, na chini ya 0.2 ni upungufu, potasiamu 1.8 hadi 3, na chini ya 1 ni upungufu mkubwa. Magnesiamu zaidi ya 0.4, na chini ya 0.3 ni upungufu. Zinki iwe zaidi ya miligramu 26 kwa kilo, boroni 35 hadi 70, manganizi 30 hadi 60. Boroni ikivuka 100 tayari ni sumu. Mizani hii hutofautiana kwa aina ya zabibu na shina la chini, hivyo mwelekeo wa miaka mitatu kwenye shamba lako una uzito kuliko namba ya mwaka mmoja.

Shamba lenye sehemu dhaifu na sehemu nzuri lipe sampuli mbili tofauti, zilizochumwa siku moja. Tofauti kati ya sampuli hizo mara nyingi hueleza kuliko mizani yoyote iliyochapishwa.

Hatua ya nne: soma majani kwa macho yako

Anza na swali moja: dalili ziko kwenye majani ya zamani au machanga? Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu huhama ndani ya mmea. Zikipungua, mmea huzinyang'anya kutoka majani ya chini kulisha ncha, hivyo majani ya chini huugua kwanza. Chuma, kalsiamu na boroni hazihami kirahisi, na zinki huhama kwa shida. Dalili zake huonekana juu.

Naitrojeni ikipungua, jani lote hupauka sawasawa kuanzia chini, machipukizi huwa membamba na mafupi, na kwenye aina nyingi vikonyo hugeuka vyekundu. Usiikimbilie kabla ya kuchimba, kwa sababu mizizi iliyozama kwenye maji au iliyoliwa na minyoo fundo hutoa sura hiyohiyo.

Potasiamu huanzia ukingoni. Kingo za jani hupoteza rangi, huungua na kujikunja. Mashada hubaki madogo na kuiva kwa kutolingana. Hujitokeza zaidi kwenye mizabibu iliyobeba kupita kiasi, kwa kuwa matunda huvuta potasiamu kutoka kwenye majani. Wakati mwingine dawa ya kwanza ni kupunguza mashada.

Magnesiamu hugeuza njano eneo lililo kati ya mishipa, kuanzia ukingoni kuelekea ndani, huku mishipa mikubwa ikibaki na ukanda wa kijani. Kwenye zabibu nyekundu eneo hilo huwa jekundu. Kitu kinachosahaulika ni kwamba mara nyingi upungufu huu huletwa na mkulima mwenyewe: potasiamu ikizidi, huzuia mzizi kufyonza magnesiamu.

Chuma hakifichiki. Majani machanga huwa njano iliyokolea hadi karibu meupe, mishipa midogo ikibaki kama wavu wa kijani. Huzidi udongo ukiwa baridi na uliolowa baada ya mvua, na hupungua wenyewe ukikauka. Kabla ya kununua chochote, subiri wiki mbili uone.

Zinki hufanya majani ya juu kuwa madogo, yasiyolingana pande mbili, na pale kikonyo kinapoungana na jani panakuwa wazi kupita kawaida. Kwenye shada utakuta punje kubwa zimechanganyika na vipunje vidogo visivyokua. Boroni hufanana nayo kwenye shada, ila huongeza pingili fupi zenye kupinda, vikono (nyuzi ambazo mzabibu hujishikizia) vinavyokauka na ncha za machipukizi zinazokufa. Hizi mbili zikipungua, maua hayatungi vizuri, na hasara hiyo haiwezi kurudishwa baadaye msimu huohuo.

Kuna magonjwa yanayoiga njaa. Virusi vya kukunja majani hugeuza majani ya zabibu nyekundu kuwa mekundu yenye mishipa ya kijani, kingo zikijikunja chini, matunda yanapokaribia kuiva. Watu wengi wamemwaga potasiamu na magnesiamu kwa miaka juu ya mmea wenye virusi. Upungufu wa kirutubisho kwa kawaida hufuata udongo, kwa mabaka. Virusi hushika mmea mmoja na kuacha wa jirani, au huenea kufuata mstari.

Hatua ya tano: piga hesabu kabla ya kununua

Namba kwenye mfuko wa mbolea huonyesha naitrojeni halisi, lakini fosforasi na potasiamu huandikwa kwa sura ya oksaidi, yaani fosfati na potashi. Kupata fosforasi halisi zidisha kwa 0.44, kupata potasiamu halisi zidisha kwa 0.83. Yurea ina naitrojeni asilimia 46, salfati ya amonia 21, CAN (naitrati ya amonia yenye kalsiamu) kati ya 26 na 27, DAP (fosfati ya daiamonia) ina 18 pamoja na 46 za fosfati, salfati ya potasiamu ina 50 za potashi, kloridi ya potasiamu 60.

Chukua hekta inayotarajiwa kutoa tani 10, mizabibu ikiwa mita 3 kwa 2, yaani mimea 1,667. Tuseme kipimo cha vikonyo kinaonyesha naitrojeni iko chini kidogo, na umeamua kulenga kilo 40 kwa hekta, kwa kuwa mmea haupati yote unayoweka.

Usinunue bado. Tazama maji ya umwagiliaji. Kama yana naitrati miligramu 20 kwa lita, zidisha kwa 0.226 upate naitrojeni miligramu 4.5. Kila miligramu moja kwa lita ni kilo moja katika kila mita 1,000 za ujazo. Ukimwagilia mita 4,000 za ujazo kwa msimu, maji yameleta kilo 18. Imebaki 22. Ukitumia yurea, 22 gawanya kwa 0.46 ni kilo 48 kwa hekta, sawa na gramu 29 kwa mzabibu kwa msimu mzima. Ni konzi ndogo. Anayemwaga kopo zima kwenye shina anatia mara nyingi zaidi ya hapo.

Potasiamu: tani 10 kwa kilo 3 ni kilo 30, sawa na kilo 36 za potashi, sawa na kilo 72 za salfati ya potasiamu, yaani gramu 43 kwa mmea. Kiasi hiki hurudisha kilichoondoka. Kama vikonyo viko chini ya asilimia 1, dozi ya kurekebisha itakuwa kubwa zaidi, na kwenye mfinyanzi inayoshika potasiamu iweke kwenye mfereji mmoja karibu na mizizi badala ya kuitawanya.

Mboji na samadi nazo ziingie kwenye hesabu. Tani 10 za mboji iliyoiva yenye naitrojeni asilimia 1.5 zina kilo 150, lakini mwaka wa kwanza huachia sehemu ndogo tu, mara nyingi moja ya kumi hadi moja ya tano. Iliyobaki hutoka polepole miaka inayofuata. Mbolea ya kuku huachia haraka zaidi na ina chumvi zaidi. Mikunde iliyopandwa katikati ya mistari na kukatwa inapochanua huleta naitrojeni, ilhali nyasi huinyang'anya. Kwenye shamba lenye nguvu kupita kiasi, nyasi ndizo ninazozipendelea.

Kuzidisha kuna hasara, na kupunguza mno pia. Naitrojeni ikizidi, majani hufunika mashada, macho hayapati mwanga, mashada ya msimu ujao hupungua na kuoza huongezeka. Ikiwa chini mno kwenye zabibu za mvinyo, juisi hukosa chakula cha hamira: chini ya takriban miligramu 140 za naitrojeni inayotumika kwa lita, uchachukaji huweza kukwama. Potasiamu nayo ikizidi hupandisha pH ya juisi, na mvinyo hupoteza uthabiti.

Hatua ya sita: weka kwa wakati, weka kwa njia sahihi

Gawa naitrojeni. Theluthi moja machipukizi yakiwa na majani matano hadi sita, theluthi baada ya matunda kutunga, na theluthi mara baada ya kuvuna iwapo majani bado yana wiki kadhaa za kufanya kazi. Sehemu hii ya mwisho hupuuzwa sana, na ndiyo inayolipia machipukizi ya msimu ujao. Majani yakiwa yameshaanza kugeuka njano kwa uzee, iache. Na usiweke naitrojeni karibu na zabibu kubadilika rangi. Itaamsha machipukizi wakati mmea unapaswa kuivisha.

Yurea ifukiwe au imwagiliwe siku ileile au inayofuata, hasa penye joto na pH ya juu, la sivyo sehemu yake hupaa kama amonia. Mbolea nyingi za amonia hutia udongo tindikali. Kilo 100 za salfati ya amonia zinahitaji takriban kilo 110 za chokaa safi kufuta tindikali yake. Kwenye umwagiliaji wa matone tindikali hiyo hukusanyika chini ya tone, kwa hiyo pima pH pale pale, mbali na katikati ya mistari.

Ukipitisha mbolea kwenye mipira ya matone, igawe zamu ya maji mara tatu: anza na maji matupu hadi mfumo ujae, ingiza mbolea katikati, kisha malizia na maji safi kusuuza mipira. Naitrati ya kalsiamu isikutane kwenye tangi moja na salfati au fosfati, maana itaganda na kuziba matundu. Kama huna hakika na mchanganyiko, uchanganye kwanza kwenye chupa angavu kwa kipimo kilekile na uusubiri kwa saa kadhaa. Ukiona umechafuka au una mashapo, usiuingize kwenye mfumo.

Mizabibu huanza kupoteza mavuno chumvi ya udongo inapovuka takriban 1.5 dS/m (desisiemensi kwa mita, kipimo cha chumvi), miparachichi hata chini ya hapo. Penye maji ya chumvi, tumia salfati ya potasiamu badala ya kloridi.

Kupulizia majani: mahali pake na mipaka yake

Jani haliwezi kupokea naitrojeni au potasiamu ya msimu mzima. Kupulizia ni kwa virutubisho vinavyohitajika kidogo, na kwa wakati maalumu. Zinki ipulizwe kuanzia wiki mbili kabla ya kuchanua hadi maua yanapofunguka. Boroni ipulizwe kabla ya kuchanua, au baada ya mavuno ili ihifadhiwe kwenye macho. Kwa njia ya udongo usivuke kilo moja ya boroni halisi kwa hekta kwa mwaka. Nafasi kati ya kutosha na sumu ni nyembamba kuliko kwa kirutubisho kingine chochote, kwa hiyo pima kwa mizani na usikadirie kwa kijiko. Upungufu wa magnesiamu huponywa na salfati ya magnesiamu ikirudiwa kila baada ya wiki mbili.

Chuma kwenye udongo wa pH ya juu kinahitaji cheleti ya aina ya EDDHA, iliyowekwa udongoni. Cheleti ya aina ya EDTA huvunjika pH inapovuka takriban 6.5, na hapo pesa imezama.

Pulizia asubuhi au jioni. Jua kali huchoma jani kabla halijafyonza.

Mazao mengine ya kudumu, palipo na tofauti

Mantiki ni ileile. Hubadilika jani la kupima na kirutubisho cha kuangaliwa.

Michungwa: chuma majani ya miezi minne hadi sita kwenye matawi yasiyo na tunda, naitrojeni iwe asilimia 2.5 hadi 2.7. Ikizidi, ganda huwa nene na rangi huchelewa.

Mikahawa: jozi ya tatu au ya nne ya majani kutoka ncha ya tawi. Mwaka wa mzigo mkubwa, punje huvuta naitrojeni na potasiamu hadi matawi hukauka kuanzia nchani, na mwaka unaofuata hakuna kitu. Kulisha wakati punje zinajaa, pamoja na kupogoa kwa kiasi, ndiko kunakovunja mzunguko huo.

Mitufaha hupata madoa machungu ndani ya tunda kalsiamu isipofika humo. Udongo unaweza kuwa na kalsiamu tele. Shida ni kwamba hufuata maji, na majani huvuta maji zaidi ya tunda. Pulizia matunda yenyewe mara kadhaa, na upunguze naitrojeni na potasiamu.

Mwembe uliolishwa naitrojeni nyingi hutoa majani na kunyima maua. Katika nchi za joto naitrati ya potasiamu hupuliziwa ili kuamsha maua, njia iliyogunduliwa na Ramon Barba wa Ufilipino, lakini huitikia tu kwenye machipukizi yaliyokomaa.

Mnazi, tofauti na mparachichi, huhitaji klorini kwa kiasi cha kuonekana, hivyo kloridi ya potasiamu inaufaa. Makadamia ina mizizi ya vishada iliyozoea udongo maskini wa fosforasi. Ikizidishiwa hukosa chuma na kuwa njano. Chai hutaka pH ya 4.5 hadi 5.5, kwa hiyo chokaa inayookoa mzabibu huiua chai.

Hatua ya mwisho: acha mistari ya ushahidi

Katika kila kipande cha shamba, acha mistari miwili bila kile kirutubisho ulichoongeza, na mingine miwili uipe nusu ya dozi. Iwekee alama isiyofutika. Wakati wa kupogoa, pima uzito wa fito za mizabibu kumi kutoka kila kundi, na wakati wa kuvuna pima mashada na sukari. Andika pia tarehe ya kuchanua, kiasi cha maji na dozi kwa gramu kwa mmea. Kwa kuwa mmea unaishi kwa akiba, mwaka wa kwanza hautaonyesha tofauti kubwa. Usibadili mpango kabla ya msimu wa tatu. Makundi yakiwa bado sawa kufikia hapo, ipunguze dozi ya shamba zima hadi nusu na uendelee kupima vikonyo kila wakati wa kuchanua.